Magunia Mapya ya Mama Glory

Ninyi vijana mnaoongoza watoto pale kanisani mmenijia mara tatu sasa, mkitaka niwaandikie namna ya kuendesha michezo ya Krismasi. Mara ya kwanza niliwaambia nina maharage ya kupalilia. Mara ya pili nikasema goti linauma. Mara ya tatu mkaja na yule mwenzenu mfupi mwenye maneno, akasema, "Bibi, kama huna nafasi, poa tu, tutamwuliza Mama Glory."

Haya! Leteni karatasi.

Mimi ni Mwalimu Fabiola, Mama Emanuel. Nimefundisha chekechea hapa Babati miaka thelathini na mmoja kabla sijastaafu, na miaka ishirini na minne kati ya hiyo nilishika filimbi kwenye sikukuu ya watoto, ile inayofanyika kiwanja cha kanisa Bagara siku inayofuata Krismasi. Wanakuja watoto wa Bagara na wa Nakwa, hadi wa Sigino wanaotembea tangu asubuhi wakiwa wameshika viatu mkononi visiingie tope. Na niseme mapema, nisije nikaonekana mnafiki: mimi ni mtu wa wivu. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba nikiwa mdogo nilimwonea wivu hata ndama, eti kwa nini yeye ananyonya kwanza. Kwa hiyo mkiona mahali fulani nimemsema Mama Glory vibaya, msishangae. Mkiona nimemsifu, basi hapo ndipo mshangae.

Tuanze na chakula. Chakula ni baadaye, hili liandikeni kwa wino mwekundu. Mwaka mmoja pilau iliwahi kuiva, wapishi wakanizonga, "Mwalimu, itapoa." Nikalegea. Watoto wakala pilau wakashiba, wakashushia soda, kisha mimi nikawatia kwenye magunia waruke. Sielezi kilichotokea. Magunia yale tuliyafua siku mbili.

Mbio za kijiko, tumieni limau. Mimi nilipoanza nilileta mayai ya kuchemsha, nikajiona mjanja kwa kuwa hayavunjiki. Watoto wanane wakaanza mbio, yakafika mayai mawili. Mengine yaliliwa njiani. Kuna mmoja alifika mwisho na kijiko kitupu, shavu limevimba, kasimama anangoja zawadi. Mwalimu Yustina alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. "Fabiola," akasema, "uliwaambia wasiangushe. Hukuwaambia wasile."

Huyo Mwalimu Yustina ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka Dareda, mkali kama pilipili, na filimbi nilirithi kwake. Amekwisha kulala, Mungu amrehemu. Nitawaambia alichonifundisha, lakini ngoja kwanza nimalize habari ya kuku, maana bila kuku hamtaelewa mwisho.

Kukimbiza kuku kila mtoto anakupenda. Mwaka wangu wa tatu nilinunua jogoo kwa mama mmoja ambaye ua wake unapakana na kiwanja. Niliona nimejipunguzia safari. Nikamwachia yule jogoo katikati ya watoto thelathini, filimbi ikalia. Jogoo hakuhangaika hata kidogo. Alinyoosha moja kwa moja kwenye ua wa michongoma, akapenya, akapita juu ya mchicha wa yule mama, na watoto thelathini nyuma yake, akaruka akatua kwenye kichanja chake. Nilipofika nahema, mama amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwalimu, kuku amerudi mwenyewe."

"Lakini nilishamnunua!"

"Ulimnunua, sikatai. Yeye ndiye hakukubali."

Hakunipa tena. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: jogoo atoke mbali, asikotambua njia ya kurudi. Ikumbukeni.

Sasa magunia. Gunia la mbolea msiliguse, litawawasha watoto miguu wiki nzima. Mifuko ya nailoni inateleza kwenye nyasi mbichi, na Desemba hapa kwetu nyasi ni mbichi daima. Tafuteni gunia la katani lililokuwa na mahindi, mligeuze ndani nje, mlikung'ute vumbi na wadudu, mlianike. Mtoto mdogo mkunjieni mdomo wa gunia mara mbili, asije akazama humo akalia.

Nilikuwa nayapata wapi? Nilizunguka nyumba kwa nyumba Majilio yote, yale majuma manne kabla ya Krismasi, gunia moja kila nyumba. Watu walidhani ni ushamba. Hata mimi mwaka wa kwanza nilimwambia Mwalimu Yustina, "Si tuombe kumi na mawili kwa mwenye duka la mahindi pale sokoni, tumalize kazi asubuhi moja?"

Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyomwagika. "Gunia si kitu, Fabiola. Unachofuata ni mlango. Ukienda kwa mtu na kusema umekuja kumsalimia, atakukalisha sebuleni, atakupa chai, na utaona anachotaka ukione. Ukimwomba gunia, atakupeleka stoo."

Mmeelewa? Stoo haidanganyi. Ukiingia stoo mwezi wa kumi na mbili utaona mahindi yamebaki magunia mangapi, na kama yamebaki. Utaona koti la baba halipo kwenye msumari. Utaona kitanda cha mtoto kimehamishiwa huko kwa sababu nyumbani kumeingia mgonjwa. Huulizi kitu. Unashukuru, unachukua gunia lako, unatembea na kile ulichokiona mpaka siku ya sikukuu.

Na siku hiyo unajua nani anapaswa kushinda. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kwenye mchezo wa viti, watoto wakizunguka kwa mlio wa debe, mpigaji hageuki ukutani kama wanavyofanya wengine eti kwa haki. Unapiga huku jicho liko kwa mtoto wako, yule uliyeona stoo ya kwao. Akifika mbele ya kiti, unanyamaza. Kwenye magunia unampanga upande mkavu. Kwenye kuku, unamshikilia jogoo kidogo mpaka mtoto wako asogee. Ni udanganyifu? Ni udanganyifu. Mimi niliuungama kila mwaka, na kila mwaka padre alinipa Salamu Maria tatu, hakuniambia niache. Sharti lilikuwa moja tu, usimwambie mtu ni mtoto gani, na mtoto mwenyewe asijue kamwe.

Hiyo ndiyo kazi. Filimbi mtu yeyote anaweza kupuliza.

Basi, Mama Glory. Alikuja kutoka upande wa Moshi, mumewe kapata kazi ofisini hapa mjini, wana binti mmoja, Glory. Mara ya kwanza alijitolea kumimina juisi. Akanijia, akapiga goti kidogo, "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu." Nilimpenda majuma mawili kamili.

Kisha watoto wakaanza. Mimi kujua majina ya watoto wapya hunichukua muhula. Yeye aliyajua siku moja, na majina ya utani juu yake. Akiimba, hata wale wanaojificha nyuma ya mama zao wanatoka. Siku moja nimemshika mkono msichana mdogo, msichana niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika penseli. Mama Glory akatokea langoni, na yule mtoto akauchomoa mkono wake kwangu, kwa nguvu, akakimbia. "Mama Glory! Mama Glory!" Nikabaki nimenyoosha mkono kama mtu aombaye chenji. Hapo ndipo kitu kilipowaka hapa kifuani, na sitawadanganya, hakijazimika.

Nikaanza kumtafutia makosa. Anacheka mno. Viatu gani vile vya kuvaa kwenye tope? Kwa nini anamwita padre "Baba" kwa sauti nyembamba vile? Nikampigia simu Emanuel, mwanangu wa pekee aliyeko Mwanza, nikamlalamikia nusu saa nzima. Akaniuliza, "Mama, kwani amekukosea nini?" Nikakata simu. Nikajisemea, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ngoja, atajikwaa.

Juma la kwanza la Majilio tukakaa kikao cha sikukuu. Mama Glory akaingia na mzigo kichwani, akautua mezani, akaufungua. Magunia kumi na mawili! Mapya. Alikuwa amempelekea fundi cherehani akayapunguza yawe kimo cha mtoto, akayapinda midomo, na kila moja akalishonea utepe wa rangi yake. Watu wakasimama kuyashika kana kwamba ni vitenge.

"Mwalimu," akaniambia mbele ya wote, "nimeona unavyohangaika na hilo goti kuzunguka nyumba zote hizi. Mwaka huu pumzika."

Wakapiga makofi. Padre akacheka, akasema, "Mwalimu Fabiola, umepata mrithi." Mrithi! Nilikuwa sijafa. Nami nikapiga makofi, lakini mikono ilikuwa mizito. Hakujua alichokichukua, maskini. Alidhani amenipunguzia mzigo, kumbe amefunga stoo zote za Babati. Ilikuwa sentensi moja tu kumweleza, naye angeelewa palepale, maana si mjinga. Sikusema. Nilisema moyoni, kama wewe ni mrithi, rithi basi.

Bado nilizunguka. Lakini kila nilipopiga hodi waliniambia, "Aa, Mwalimu, si tumesikia mmepata mapya?" Wakanikalisha sebuleni. Nilikunywa chai mwaka ule mpaka nikachoka. Ni Sigino tu habari zilikuwa hazijafika. Huko mama mmoja akanipeleka stoo yake bila kuuliza. Mahindi yalikuwepo kidogo. Jembe kubwa lilikuwa limening'inia safi, halina udongo, na wakati ule kila mtu anapanda. Mama akaona ninavyolitazama.

"Baba Anjela tulimzika mwezi wa kumi," akasema.

Anjela mwenyewe, wa miaka saba, ndiye aliyenikunjia gunia. Alilikunja taratibu sana, pembe kwa pembe. "Bibi, na mimi nitacheza?"

"Utacheza, na utashinda," nikamwambia, jambo ambalo Mwalimu Yustina asingelisema kamwe.

Kikao cha pili, Mama Glory akaja na mchezo mpya. Mbio za baba na mtoto: unafunga mguu wa mtoto na mguu wa baba yake kwa kipande cha kitenge, mnakimbia pamoja. "Kina baba kila mwaka wanakaa pembeni na soda zao wanajadili mpira," akasema. "Mwaka huu wakimbie, watoto wawaone!" Chumba kizima kikacheka. Ulikuwa mchezo mzuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Miaka yangu yote sijawahi kumfanya baba hata mmoja anyanyuke kwenye kiti.

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye unayewajua watoto wote na nyumba zao. Kuna tatizo lolote na mchezo huu?"

Aliniuliza. Kwa heshima, mbele ya watu, aliniuliza.

Nikasema, "Hakuna."

Vijana wangu, nimefanya makosa mengi katika kazi hii. Niliwahi kuchora mstari wa mbio kwa chokaa badala ya majivu, watoto wakaangukia humo, macho yakawasha, tukashinda tunaosha nyuso. Hayo nilikosea kwa kutojua. Lile neno "hakuna" nililisema nikijua. Nilimwona Anjela na gunia lake akilini mwangu, nikamweka kando, kwa sababu nilitaka mtu mzima mwenzangu aanguke mbele ya watu.

Siku ya sikukuu jua liliwaka baada ya mvua. Mbio zilipoitwa, kina baba walikuja wakicheka, wanakunja suruali, wanasukumana mabega kama vijana. Mama Glory akatangaza kwamba asiye na baba karibu achukue mjomba au kaka. Wakafungwa, wakapangwa kwenye mstari. Filimbi ilikuwa bado kwangu, nikaiweka mdomoni.

Mwisho wa mstari alikuwepo Anjela peke yake. Alikuja na watoto wa jirani, hakuwa na mjomba wala kaka pale. Alikuwa amejifunga kitenge mguuni mwenyewe, kwa fundo zuri, na ncha ya pili imelala kwenye nyasi. Alikuwa anatazama barabara ya Sigino. Mtoto aliyesimama karibu naye akasema kwa sauti, kama watoto wasemavyo, "Huyu baba yake alikufa."

Mama Glory akashika mdomo. Nami nitawaambia ukweli, kwa kuwa nimeanza kuusema: kwa pumzi moja, nilifurahi. Moja tu. Halafu Mama Glory akanitazama mimi, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayeomba asaidiwe.

Sikusogea. Aliyesogea ni yeye. "Baba Glory," akaita, "mfungue."

Mumewe alikuwa ameshafungwa na binti yao, wamejiandaa, mtoto ana utepe mpya kichwani. Yule bwana hakuuliza kitu. Akachutama, akamfungua Glory, akaenda mpaka mwisho wa mstari, akapiga goti kwenye tope na suruali yake ya sikukuu. "Mama, nisamehe nimechelewa," akamwambia Anjela. "Utaweza kukimbia na mtu mzito hivi?"

Anjela akampima kwa macho. "Usinikanyage," akasema.

Na Glory je? Kabaki na kitenge kinaburuta mguuni. Nilingoja alie, hakulia. Akazungusha macho kiwanjani, akaja kwangu. "Mwalimu, na wewe huna mtu?"

"Sina."

"Basi nifunge."

Sasa mniambie, mtu anayekimbia atapulizaje filimbi? Nikaivua shingoni, nikampa Mama Glory. Ndivyo filimbi ilivyoondoka mikononi mwangu. Hakunipokonya mtu. Akaipuliza, na tukakimbia, mimi na goti langu na binti wa adui yangu, tukaanguka mara mbili, tukafika wa mwisho kabisa, wote tope mpaka kwenye nyusi. Glory anacheka, mimi sijui kama nacheka au nalia.

Anjela alishinda. Baba Glory ni mzito kweli, hakuna njia angeshinda kwa mbio. Lakini kina baba wale walioanza kwa kusukumana, mmoja akajikwaa, mwingine akashika kiuno, mwingine akasimama katikati ya kiwanja kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Wote! Hata hilo nililionea wivu. Miaka yote nilidhani ni siri yangu na Mwalimu Yustina peke yetu.

Baadaye tulikuwa nyuma ya jiko, mimi na Mama Glory, tunasugua masufuria. Nikasema, "Nilijua kuhusu baba yake Anjela."

Aliendelea kusugua. "Najua, Mwalimu. Uliposema hakuna tatizo, ulitazama dirishani."

"Mbona hukuniuliza tena?"

"Nilidhani una sababu zako. Wewe ni mkubwa."

"Sababu ni wivu."

Hapo akaacha kusugua. "Basi ungenipiga mimi," akasema, na sauti yake haikuwa nyembamba tena. "Mimi nipo, ungenipiga. Mtoto alikosa nini?"

Nilichokuwa nacho ni ile kazi, nikampa. Nilimweleza habari ya mlango na stoo, ya debe na jicho, na kwa nini nilikuwa naomba gunia mojamoja. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya maji.

"Kumbe magunia yangu ndiyo yaliyoharibu," akasema.

"Magunia yako ni mazuri," nikamwambia. Kulisema hilo kuliniuma kuliko goti.

Mwaka ukazunguka. Majilio yaliyofuata niko nyumbani nachambua mchele, nasikia, "Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Glory. Karibu ndani."

"Sikai, Mwalimu. Nimekuja kuomba gunia."

Mwanamke mwenye magunia kumi na mawili yenye tepe! Nikacheka moyoni, nikasema angalia anavyojifunza, anazunguka kweli. Nikampeleka stoo huku naongea, kama watu wote waongeavyo. Nilikuwa nimewatangazia majirani kwamba Emanuel anakuja Krismasi na mkewe na watoto. Nilikuwa nimewaambia hata watu wa sokoni. Asubuhi ileile alikuwa amenipigia kusema nafasi haikupatikana, labda Pasaka, na sikuwa nimemwambia mtu. Mama Glory akapokea gunia, akashukuru. Macho yake yalipita mara moja tu. Godoro la wageni lilikuwa juu darini, limeviringishwa, na vumbi lake. Kwenye chanja, sahani moja.

"Asante, Mwalimu. Tutaonana siku ya sikukuu."

Alikuwa ameshafika barabarani ndipo nilipong'amua. Nimechunguliwa! Mimi! Kwa ujuzi wangu mwenyewe! Nilikasirika nikapiga mlango. Na mnajua kilichonichoma zaidi? Aliweza kuliko mimi. Mimi nilikuwa natazama mno. Watu waliniona, kama mama yake Anjela alivyoniona nikitazama jembe. Yeye alitazama kama mtu anayetafuta pa kuweka mguu.

Siku ya sikukuu akatangaza mchezo mpya: viti vya mabibi. Tukaitwa wanane. Nikajua palepale, nikasema sitakaa, sitampa nafasi hiyo. Tukaanza kuzunguka, debe linalia. Lakini lile debe! Kila liliponyamaza, kiti kiko nyuma ya magoti yangu, na goti langu halina kiburi, lilikaa lenyewe. Tukabaki wawili, mimi na Bibi Magdalena ambaye bado anapanda mlima kuokota kuni. Tukazunguka sana. Nikamtazama Mama Glory kwa jicho kali, naye akatazama juu, kama anahesabu mawingu. Debe likanyamaza. Nikakaa. Watoto wote wakapiga kelele jina langu, "Mwalimu Fabi! Mwalimu Fabi!" na yule msichana aliyeuchomoa mkono wake kwangu alikuwa mbele yao.

Zawadi ilikuwa jogoo mwekundu. Nilimbeba mpaka nyumbani, nikamwachia uani, nikalala.

Asubuhi hayupo. Nimesimama na mahindi mkononi namwita, nasikia hodi. Ni Mama Glory, jogoo kwapani, vile viatu vyake vimejaa tope, na Glory nyuma yake kabeba bakuli la pilau iliyobaki.

"Mwalimu," akasema, "kuku amerudi mwenyewe."

Alikuwa jogoo wa banda lao, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mambo yote nilimfundisha siku ile nyuma ya jiko, hili moja nilikuwa nimelisahau. Nikawaambia waingie. Waliondoka jioni. Glory alikula kwenye sahani yangu, mimi nikala kwenye kifuniko cha sufuria.

Sasa ni Krismasi tatu. Kila mwaka debe hunyamaza mahali panapofaa, kila mwaka jogoo hutoka banda lile lile, na kila mwaka asubuhi yake nasikia hodi. Wivu bado ninao. Nikisikia filimbi ile ikilia na si mimi niipulizaye, bado nageuza uso. Lakini ninyi nendeni mkamwulize Mama Glory mnayotaka kuuliza, atawajibu vizuri kuliko mimi. Msimwambie tu ile kanuni ya jogoo atoke mbali.

Na msije mkaniambia nimfunge huyo jogoo. Kila mtu Babati hii anajua kuku mgeni hufungwa kamba mguuni. Kamba ninayo, imening'inia stoo karibu na mlango, mahali ambapo hata aliyekuja kuomba gunia tu lazima aione. Simfungi.